Kumaliza dawa si kumalizana na ini
Stori iko poa lakini hapo mmesema mgonjwa wa hepataitisi C akimaliza dawa zake za wiki 12 basi ameshapona kabisa, mmeruka kitu. Virusi vinaisha ndio, lakini utafiti wa 2019 ulionyesha alama za epigenetiki, zile zinaamua jeni gani iwake na gani izimwe, zingine zinabaki tu hata baada ya matibabu na zinaendana na hatari ya kansa ya ini. Sasa ongeza mafuta kwa hilo ini, nayo yanavuruga hizo alama kivyake, na C ya aina ya 3 yenyewe hujaza ini mafuta hata kama msee hana kitambi. Hepataitisi B ndio noma zaidi, DNA yake inajificha ndani ya kiini cha seli imejizungushia histoni zetu wenyewe, zile protini DNA yetu hujiviringisha juu yake, vidonge vya kila siku vinaituliza tu. Halafu hapa Nairobi mtu anaambiwa ako na sukari na mafuta kwa ini na hakuna anayemwambia apime B na C!! Na wewe umekomenti hapo juu eti maji ya limau yanasafisha ini, hebu tuambie yanafika kwa histoni kivipi