Stesheni Iliyoiva

Kuna watu huficha pesa chini ya godoro. Mimi nilificha stesheni ya treni ndani ya oveni, na naomba mnisikilize kwanza kabla ya kunicheka.

Mimi ni mtu mzima mwenye treni. Si ya kupanda, ni ya modeli, skeli ya HO, yaani 1:87. Behewa la mita 20 kwangu lina sentimita 23. Reli ninazo, injini ninayo, hata mlima ninao, wa magazeti na gundi. Nilichokosa ni stesheni. Treni ikifika inasimama mahali patupu, na abiria wangu walikuwa wamekaa juani miezi saba. Mmoja alishaanguka.

Seti za majengo zinauzwa, unaunganisha tu. Lakini kwenye mchezo huu kuna heshima ya kujijengea mwenyewe, na anayejijengea anahitaji shiti za polistirini. Ni plastiki nyeupe yenye adabu: unaichora mara mbili kwa ncha ya kisu, unaikunja, inasema "tak" na kukatika pale pale ulipochora. Gundi yake ni majimaji yanayoiyeyusha kidogo, kwa hiyo kuta mbili zikishagusana zinakuwa kitu kimoja. Tatizo ni bei. Madukani mwa vitu vya modeli inauzwa vipande vya ukubwa wa daftari, unene wa milimita 0.5 au 1, ndani ya mfuko mzuri kuliko shati langu. Nilipiga hesabu ya kuta, paa na makosa (makosa ndiyo hula plastiki kuliko kuta na paa pamoja), nikaona afadhali nijenge stesheni ya kweli.

Wazoefu wakaninong'oneza: nenda kwa watengeneza mabango. Hao hununua plastiki hiyo hiyo kwa mashiti makubwa ya sentimita 122 kwa 244, na vinavyobaki hutupa. Nikaenda.

"Unataka bango la nini?" fundi akaniuliza.

"Sitaki bango. Nataka plastiki isiyoandikwa kitu."

"Tangazo lisilo na maneno?"

"Hapana, bosi. Najenga stesheni."

Akaweka chini mkasi. "Ya treni?"

"Ndiyo. Ila ni ndogo. Mlango wake una milimita 24."

Hakuuliza tena. Alinikusanyia mzigo wa vipande vyeupe, akakataa hata senti, akanisindikiza hadi nje kwa upole ule unaotumika kwa mtu ambaye hutaki abishe.

Usiku huo nilikata kuta nne. Nikapaka gundi, nikazishikilia dakika nzima, nikaachia. Zikalala chini zote nne, kwa zamu. Nikapaka tena. Zikalala tena. Saa sita za usiku nikakumbuka kipimo cha maji: polistirini ni nzito kidogo kuliko maji, huzama, lakini polipropilini, plastiki nyingine, ni nyepesi, huelea, na haisikii gundi hiyo hata uipakie ndoo nzima. Nikajaza beseni na kuvitia vipande vyote. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi niliviona vyote vinaelea nikajua kwamba hakuna kitakachoundwa.

Hapo ndipo nilipoingiwa na elimu ya takataka. Vyombo vingi vya plastiki vina alama ya pembetatu ya mishale yenye namba ndani. Namba 1 ni PET, ile ya chupa za maji, namba 5 ndiyo ile polipropilini iliyonitesa, na namba 6 ni polistirini. Kwa siku tatu sikuona kitu ila namba. Mtu ananikaribisha kinywaji, mimi napindua kikombe kusoma kitako chake.

Namba 6 niliipata nyumbani kwangu mwenyewe, kabatini jikoni: rundo la mifuniko angavu ya makasha ya keki. Nikadondosha mmoja sakafuni ukalia kama bati, jambo ambalo polistirini hulifanya na plastiki laini hazilifanyi. Nikautia majini, ukazama. Nikaujaribu kwa gundi, ukashika! Nilichukua yote kumi na mmoja bila kujiuliza ni ya nani. Ilikuwa ya mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kwa wiki mbili.

Mifuniko ile ilikuwa myembamba, kama milimita 0.3, lakini mkata tamaa hachagui unene. Nilikata kuta, nikatoboa madirisha kumi na mawili kwa mkono usiotetemeka, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya maishani, za kazini kwangu zikiwemo. Nikapaka rangi ya matofali. Sasa, rangi mbichi ina maadui wawili: vumbi na paka. Nyumbani kwangu wote wawili wapo. Nikatafuta sehemu yenye mlango, isiyo na upepo, isiyo na manyoya. Oveni. Imezimwa, safi, ina hata trei. Nikazilaza kuta zangu humo nizigundishe kesho yake.

Nilikusudia kubandika karatasi mlangoni: MSIWASHE. Nikaenda kutafuta kalamu. Kalamu ilikuwa kwenye meza ya treni, na pale mezani nikakuta injini imetoka relini kwenye kona. Mtu ataiachaje injini katika hali ile?

Nilikuwa bado naipima kona nilipoitwa.

"Mwanangu! Njoo uone, humu kuna kitu kinatambaa!"

Nilifika mbio. Mama mkwe amesimama na bakuli la unga wa keki kifuani, anachungulia kioo cha oveni. Ndani, kuta zangu zilikuwa zinajikunja kama majani makavu, zinainuka, zinageukiana kama zinazosalimiana, kisha zikaanza kulala tena moja moja. Zilipolala zilikuwa zimepungua.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Mifuniko ya aina ile hutengenezwa kwa shiti iliyovutwa huku na huku ikiwa ya moto, ikapozwa ingali imevutwa. Ukiipasha tena kupita nyuzi 100 hivi, inalegea na kurudi ilikotoka. Kuna hata michezo ya watoto inayotegemea jambo hilo, wanachora, wazazi wanaoka, picha inakuwa kipande kidogo kigumu. Mimi sikuwa mtoto, na hakuna aliyekuwa amenikusudia mchezo.

Tulifungua madirisha kwa ajili ya harufu. Trei ilipopoa nikachukua rula. Mlango uliokuwa na milimita 24 sasa ulikuwa na 11. Nikapata tumaini: labda nimejipatia stesheni ya skeli ya N, ambayo ni 1:160? Lakini mlango wa N hutakiwa kuwa na 13. Basi Z, 1:220? Huo ni kama 9 na nusu. Yangu ilikuwa 1:190, skeli ambayo sijawahi kuona injini yake. Madirisha upande mmoja yamekuwa mapana, upande mwingine yamebanwa kama macho ya mtu anayetafuta miwani. Na unene? Milimita moja na nusu, imara, haikunjiki. Unene niliokuwa nauhangaikia tangu mwanzo.

Mama mkwe aliokota ukuta wa mbele, akaugeuza, akaukaribisha kwenye mwanga.

"Hii ndiyo mifuniko yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Yote?"

"Yote, mama. Unisamehe."

Akaenda kabatini, akatoa kasha moja, akauweka ukuta ule juu yake. Ulifunika pembe moja. Akaniangalia, akaliangalia kasha, akausogeza ukuta hadi pembe ya pili kuona kama huko utafaa zaidi.

Stesheni nimeijenga. Iko nyuma kabisa ya meza, chini ya mlima, ambako udogo wake unadhaniwa ni umbali. Treni haifiki huko, reli inaishia sentimita 40 kabla. Abiria wangu bado wako juani, ila sasa wanaiona stesheni kwa mbali. Yule aliyeanguka sijamwinua.