Silabusi ya A4 ndani ya simu

Walimu wetu wa Lubumbashi, tuhurumieni. Silabusi, yaani notisi za kozi, iliyopangwa kwa karatasi ya A4 haisomeki kwenye simu. Karatasi ina upana wa sentimita 21, kioo cha simu kama 7. Ukurasa unabanwa hadi theluthi, na herufi za ukubwa wa 12 zinabaki kama 4. Ukizikuza, unaona theluthi tu ya mstari: kidole kulia, kidole kushoto, mstari kwa mstari. Ukurasa wa mistari 40 ni kuvuta mara 40 na zaidi, na ukiteleza kidogo umeshapotea mstari. Kwenye karatasi jicho linashuka lenyewe!

Mbaya zaidi ni kurasa zilizopigwa picha, kivuli cha mkono kimelala katikati ya fomula, kisha zikatumwa WhatsApp kama picha za kawaida. WhatsApp inazibana, na vile vinamba vidogo vya juu, 2 au 3, havitofautiki tena. Tumeni kama faili, jamani.

Dawa yake haichukui dakika 5. Kwenye Word, weka ukurasa wa sentimita 9 kwa 16, pambizo nusu sentimita, herufi 12, kisha hifadhi kama PDF. Kwenye simu herufi zitaonekana kama za ukubwa wa 9, bila kukuza. Majedwali mapana hayataingia. Hayo yaachwe kwa A4, kiongozi wa promosheni (wanafunzi wa mwaka mmoja) apeleke fotokopi. Mtu hawezi kujiandaa kwa mtihani huku anafukuza safu za jedwali kwa kidole gumba, tena betri imebaki asilimia 10 na umeme umekatika.