Kanuni Iliyokwisha Kazi Ifutwe

Marekani humruhusu mvumbuzi kuomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kulinda uvumbuzi wake, mwenyewe, bila wakili, na kwa sababu hiyo naamini kwamba kufuta kanuni zilizopitwa na wakati ni suala la haki kabla ya kuwa suala la usafi wa vitabu. Wakili mzoefu anajua kanuni ipi ni hai na ipi imebaki maandishi tu, lakini mtu anayejisomea peke yake hulazimika kuichukulia kila sentensi kuwa inamhusu.

Chukua kanuni ya 1.127 ya Ofisi ya Hataza ya Marekani, iliyosema kwamba mwombaji ambaye mkaguzi wa maombi amekataa kupokea marekebisho ya ombi lake anaweza kumwandikia Mkurugenzi wa ofisi hiyo kulalamika. Njia hiyo hiyo ilikuwa tayari imo katika kanuni ya 1.181, kwa hiyo msomaji mgeni angeweza kudhani kuna milango miwili na kuhangaika achague upi. Ni vyema kwamba ilifutwa.

Mfano unaonikera zaidi unatokana na mageuzi ya mwaka 2011, yaliyoanzisha utaratibu wa kupinga hataza mbele ya majaji wa ofisi yenyewe. Mkurugenzi alipewa uwezo wa kuweka kikomo cha idadi ya mashauri hayo kwa miaka minne ya mwanzo, kuanzia Septemba 16, 2012. Uwezo huo ulikoma mwaka 2016, ilhali vipengele vilivyoutaja vilibaki kitabuni hadi vilipokuja kufutwa.

Hata hivyo siungi mkono kufuta kwa kuhesabu. Amri ya Rais namba 13771 ya Januari 2017, iliyobatilishwa mwaka 2021, ilitaka kanuni mbili zitafutwe za kuondolewa kwa kila moja mpya, kana kwamba zote zina uzito sawa. Ukongwe pekee si kigezo. Maombi yaliyowasilishwa kabla ya Machi 16, 2013 bado yanaongozwa na sheria ya zamani iliyompa haki aliyetangulia kuvumbua, na kwa kuwa hataza hudumu kwa kawaida miaka 20 tangu siku ya maombi, kanuni za zama hizo zitahitajika angalau hadi 2033.

Ningependa kila kanuni ya muda iandikwe pamoja na tarehe yake ya kukoma. Kikomo kile cha mashauri kilijulikana mwisho wake tangu siku ya kwanza, na sentensi moja ingetosha kukiondoa chenyewe bila kusubiri amri ya mtu yeyote.