Dalali Kaja Kuangalia Fuso

Ukoo wetu una mwanasheria mmoja tu, naye ni mimi, kwa sababu nachapa nyaraka kwenye steshenari iliyo mkabala na mahakama ya wilaya. Kwamba sijasoma sheria hata kwa bahati mbaya, hilo halijawahi kumsumbua mtu. "Si wewe ndiye unayewaandikia?" huuliza baba mdogo, na ubishi huishia hapo.

Baba mdogo anauza mchele hapa Morogoro na ana Fuso anayoipenda kuliko baadhi ya watoto wake. Jioni moja dereva alirudi nayo kutoka Ifakara amechoka, akairudisha nyuma bila utingo wa kumwelekeza, akaingia nayo saluni ya mama jirani. Hakuumia mtu, ila vioo, draya na ukuta wa mbele vilikwisha. Baba mdogo akapeleka gunia la mchele la kumpa pole. Mama akalipokea, akashukuru, akaenda kufungua kesi.

Wito ulipoletwa aliusoma mwenyewe dukani, kwa sauti, wateja wakisikiliza. Dereva kaandikwa mdaiwa wa kwanza, yeye mdaiwa wa pili. Nikamwambia, baba, hapa una siku 21 za kupeleka utetezi wako wa maandishi. Akacheka.

"Mimi ni wa pili, mwanangu. Wamalizane kwanza na wa kwanza."

Nikamweleza kwamba mwajiri hubeba kosa la mtu wake akiwa kazini, na kwamba mama akishinda anaweza kumdai dereva, au yeye, au wote wawili, apendavyo. Na dereva yule mali yake yote ni redio. Baba mdogo akasema yeye hadaiwi na mtu, niulize soko zima.

Kisha akafika kwenye madai yenyewe. Mama alikuwa anaomba fidia mahususi, zile ambazo lazima uzitaje moja moja na kuzithibitisha, ndiyo maana risiti ziliambatishwa mpaka ya gundi ya vioo. Chini yake akaomba fidia ya jumla, kwa kadiri mahakama itakavyoona inafaa. Uso wa baba mdogo ukang'aa.

"Kumbe mama wa watu mstaarabu! Anataka bei ya jumla."

Hapa niseme kidogo, kama mtu anayekipenda Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, na mimi nilishangilia. Lakini zamani mtu alikabidhiwa karatasi ya Kiingereza akajua kwamba hajui, akatafuta wa kumsomea. Siku hizi kila neno analijua. Analijua la sokoni.

Nikamfafanulia: fidia ya jumla ni ile isiyodai risiti, ya usumbufu na maumivu, hakimu huipima mwenyewe. "Nimekuelewa," akasema, akaukunja wito mara nne na kuuweka chini ya mguu wa mizani iliyokuwa inayumba.

Siku 21 zikapita. Shauri likasikilizwa upande mmoja, mama akathibitisha, hukumu ikatoka. Tukakimbia kuomba itenguliwe, lakini mahakama hutaka sababu ya msingi ya kutofika, na "nilikuwa wa pili" haikuwa ya msingi. Haukupita muda mrefu, maombi ya kukazia hukumu, yaani mali ya mdaiwa ikamatwe ili deni lilipwe, yakaletwa steshenari niyachape. Kazi ni kazi, nikayachapa, jioni nikamtonya mzee.

"Kukazia?" akashangaa. "Kwani ililegea?"

Siku ya siku, nilikuwa nimeegesha pikipiki yangu kivulini pa duka lake, nimevuka barabara kunywa chai. Akaja bwana mmoja na faili, akajitambulisha vizuri kabisa: dalali wa mahakama. Baba mdogo akalidaka neno la kwanza, yaliyofuata yakampita. Madalali anawajua, wa viwanja, wa magari, wa mazao, na Fuso alishaanza kufikiria kuiuza. Akamvutia mgeni kiti, akamwagizia soda.

Niliporudi, alikuwa kaulaza mlango wa Fuso wazi. "Injini haijafunguliwa tangu niinunue. Tairi za nyuma mpya, gusa mwenyewe." Yule bwana, ambaye kwa kazi yake nadhani amezoea kupokelewa na mbwa, alikuwa anaandika kwa haraka kama mtu anayeogopa bahati itakatika.

"Na wateja watapatikana?" mzee akauliza.

"Tukipeleka mnadani, hawakosi."

"Mnadani! Si ndiyo bei itapanda?"

"Na hii pikipiki?"

"Ya hapa hapa nyumbani. Iandike nayo." Akaniona. "Kijana, msalimie mgeni."

Nilipofungua mdomo alishatia sahihi, kwa mbwembwe, akidhani ni makubaliano ya dalali. Alichouliza tu ni asilimia ya mwenzake, akajibiwa imo ndani ya gharama. Fuso ikaondoka, pikipiki yangu imepakiwa juu.

Kwa bahati sheria inamruhusu mtu ambaye mali yake imekamatwa kwa deni la mwingine kupeleka pingamizi, mradi athibitishe kuwa ni yake. Kadi ya pikipiki ina jina langu, nikachapa maombi yangu mwenyewe. Tatizo ni wajibu maombi, yaani wale unaowaita mahakamani wayajibu. Wa kwanza lazima awe mama wa saluni, mwenye tuzo, yaani aliyeshinda kesi. Wa pili ni yule aliyeshindwa kesi.

Safari hii baba mdogo aliusoma wito neno kwa neno, kisha akaupeleka kwa bibi. "Nimemlipia ada huyu, leo kanishitaki!" Kikao cha ukoo kikaitishwa. Shangazi hakuitikia shikamoo yangu. Nikaeleza kwamba ni utaratibu tu, sidai kwake hata shilingi, nataka pikipiki. Mzee akatikisa kichwa kwa uchungu. "Na huku nako wamenifanya wa pili."

Mahakamani alifika mapema kuliko makarani, na koti la harusi. Hakupinga chochote. Pikipiki ikaamriwa niachiwe. Fuso yeye aliikomboa kabla ya mnada, kwa kulipa kiasi na kukubaliana na mama yule kumalizia kwa mafungu, na mafungu anayaelewa. Hakimu akamaliza: kila upande ubebe gharama zake.

Tulitoka kimya, njaa ikatupeleka kwa mama lishe. Baba mdogo tangu nizaliwe hajawahi kuniacha nilipe chakula mbele yake. Akala pilau, akanawa, akahesabu noti za sahani yake moja na kuzibana chini ya glasi.

"Umemsikia hakimu," akasema, akaondoka.