Bwana Gani Huyu Analetea Mkewe Karai

Mwenzenu hii mikono imekunjamana kama ya mtu aliyefua blanketi za bweni zima, na yote ni juu ya shosho, nyanya yangu. Anaishi Kinangop, na Julai ya Kinangop si baridi ya mchezo, unaamka nyasi ni nyeupe na viazi shambani vimeungua na jalidi. Mavini za kununua, zile kofia za kufumwa, anasema zinamwasha, kitambaa anasema upepo unapita, basi mimi na kiherehere changu nikamwambia shosho tulia, nitakutengenezea kofia ya sufu, ya mkono, ile haifumwi, sufu inasuguliwa tu mpaka ishikane. Nani alinituma?

Kwanza jamaa mmoja anayefuga wale kondoo wekundu wa Kimaasai akanipa manyoya ya bure. Nikasugua na sabuni na maji moto kutoka asubuhi mpaka mchana, wapi, yanaelea tu kwa beseni kama nywele za kinyozi. Kumbe hao wana nywele tu! Inatakiwa sufu ya Merino ama Corriedale, ile kila uzi una vigamba vidogo, vikipata maji moto na sabuni na kusuguliwa vinashikana haviachani tena. Haya mtu anaambiwa akishachubuka vidole.

Nikapanda matatu hadi Ol Kalou nikanunua kilo mbili. Kilo mbili gani? Nikishatoa mafuta, mchanga, mavi makavu na kupe mmoja aliyekuwa mzima kabisa, ikabaki kilo moja na kidogo. Nikaichana na brashi ya mbwa, nikakata gunia umbo la kofia, nikatandaza tabaka moja wima lingine ulalo mpaka manne. Na kwa vile sufu hurudi ndani kama theluthi hivi, nikakata gunia kubwa, halafu nikaongeza tena kwa uoga. Hapo ni kusugua, kuviringisha kwa mkeka, kuibamiza sakafuni ikaze, kusugua tena, mpaka mpangaji wa chini akapanda kuuliza kama kuna mtu anapigwa. Mikono ikagoma kabla kofia haijakaza, nikasema imetosha bwana.

Shosho akaivaa ikamfika kidevuni. Huwa ananiita bwanangu, maana nimeitwa jina la marehemu mumewe, basi akainua ukingo akanichungulia, "Bwanangu, hii ni kofia ama ni karai?"

Nilirudi Nakuru nimenyamaza njia nzima.

Wiki iliyofuata simu inalia, ni yeye, eti njoo uone ilivyonikaa. Imekukaaje shosho? Ilikuwa inanuka kondoo, anasema, kwa hivyo aliitumbukiza kwa maji ya moto na sabuni ya unga akaipiga kwa jiwe la kufulia kidogo tu, chai ikichemka. Kidogo tu! Mimi nimemaliza siku mbili!

Sasa akina mama wa kanisa wakimuuliza nani katengeneza anasema ni yeye. Ameshapata oda tatu, na sufu eti nikaitafute mimi.