Kombe asiyetajwa na kanuni: achukuliwe, au aachwe?

Anayevua kwa kujiburudisha akifungua kanuni za uvuvi hupata majibu ya haraka kuhusu kamba koche, kaa au chaza: wangapi kwa siku, ukubwa gani, msimu upi. Akiulizia konokono wanaong'ang'ania mwambani, au kombe wa mchangani ambaye hata jina lake halijui vizuri, mara nyingi haoni kitu. Sasa huyo asiyetajwa anachukuliwa bila kikomo, au haguswi kabisa?

Wanaosema kimya ni ruhusa wana hoja. Mtu haadhibiwi kwa kosa ambalo sheria haikuliandika. Tena viumbe hawa hutafutwa na wachache, na ofisi za uvuvi zina fedha na wataalamu wa kuhesabu spishi chache tu. Si ajabu zikaanza na zile zinazogombaniwa. Na kila konokono akiandikiwa kifungu chake, nani atakisoma kitabu hicho huku maji yanajaa?

Lakini hebu tumwangalie limpeti, yule konokono mwenye gamba mfano wa kofia. Wengi wao wana kituo chao mwambani, na ukingo wa gamba umejichonga kufuata jiwe la pale pale. Ukimbandua kwa kisu kisha ukamweka hatua mbili pembeni, gamba halikai sawasawa. Atakauka au ataliwa. Kwa hiyo kanuni ya "mdogo mrudishe" haimfai sana. Limpeti mkubwa wa pwani ya California, Marekani, ana jambo zaidi: huanza maisha akiwa dume, na wengi hugeuka majike wakishakua. Wachumaji nao hupenda wakubwa. Watu wachache waungwana, kila mmoja na kikapu chake kidogo, wanaweza kuondoa sehemu kubwa ya majike wa mwamba mmoja bila hata mmoja wao kuvunja sheria.

California yenyewe imejaribu kuziba pengo hilo. Ndani ya futi 1,000 kutoka alama ya maji kujaa, huchukuliwa tu wale walioorodheshwa, na anayeruhusiwa bila kuwekewa kikomo chake anaangukia kikomo cha jumla cha 35 kwa siku. Naona hii ni afadhali mara nyingi kuliko kimya. Hata hivyo 35 ni namba ya kiofisi. Kwa konokono wadogo wanaozaana haraka huenda ni kidogo mno; kwa anayekua polepole, katika ghuba inayofikika kwa gari, ni nyingi.

Kukisia kwa kutazama kanuni ya kombe jirani ni hatari vilevile. Jimbo la Washington, kaskazini mwa California, kwa kombe wale warefu wenye gamba jembamba, linamtaka mchimbaji abaki na 15 wa kwanza, awe mdogo au aliyevunjika, kwa sababu wengi wa wanaorudishwa hufa. Kombe wa Pismo, aina ya kombe wa mchangani wa California, akiwa chini ya kipimo sharti azikwe tena mchangani mara moja. Kanuni mbili kinyume kabisa, na kila moja ni sahihi kwa kombe wake.

Wapinzani wa vikomo hutaja abaloni mwekundu, konokono mkubwa wa baharini anayeliwa. Alikuwa na kila kitu: ukubwa wa chini wa inchi 7, kikomo cha siku na cha mwaka, kadi ya kuripoti. Bado uvuvi wake wa burudani California ulifungwa mwaka 2018, baada ya joto la bahari na wingi wa urchini wa zambarau, viumbe wa miiba wanaokula mwani, kumaliza misitu ya mwani aliyoitegemea. Ni kweli, kikomo hakikumwokoa. Ila kwa kuwa alikuwa akihesabiwa, ilijulikana kwamba anaisha, na mlango ukafungwa. Limpeti akiisha mwambani, nani atajua?

Hapo ndipo ninapoegemea. Namba si kitu bila hesabu nyuma yake, na hesabu ya kila spishi haitapatikana karibuni. Kwa sasa kiwekwe kikomo kidogo cha jumla, kinachohesabu wote wasiotajwa kwa pamoja, si kila aina peke yake, na kipangwe kwa makundi ambayo jicho la kawaida linayatofautisha: wanaobanduliwa mwambani, wanaochimbwa mchangani. Wachache wataonewa, hasa wanaochukua konokono walio tele. Hao ndio wenye sababu ya kuripoti wanachochukua, na kwa ripoti zao namba inaweza kupandishwa.