Usiniombe .gdbinit yangu

Kila kijana mpya anayeanza kuandika programu kwa lugha ya C pale ofisini, haipiti wiki hajaniuliza: "Kaka, naomba .gdbinit yako." Huwa simpi. Wengine wananuna, wanadhani ni uchoyo, lakini siku hizi nimezoea.

Kwa asiyelijua, hilo ni faili ambalo GDB, yaani dibaga, programu ya kusimamisha programu nyingine na kuichungulia ndani ili uone hitilafu, hulisoma kila inapoanza. Ndani yake hamna uchawi wowote: ni amri zilezile ambazo ungeziandika kwa mkono kwenye dibaga, amri moja kwa mstari. Linakaa kwenye folda yako ya nyumbani, au kwenye ~/.config/gdb kwa jina la gdbinit bila nukta. Yakiwepo yote mawili, lile la kwenye .config ndilo linalosomwa na la nyumbani linarukwa, jambo lililonigharimu nusu saa siku moja nikihariri faili ambalo hakuna aliyekuwa analisoma. Ukitaka kubadilisha kitu unaandika set, ukitaka kujua kikoje sasa hivi unaandika show. Somo zima ni hilo.

Sasa kwa nini simpi mtu? Mwaka jana nilikaa na kijana mmoja aliyekuwa anahangaika na programu yetu inayopokea ujumbe kutoka kwenye mita za maji. Kihesabio kimoja kilikuwa kinazidi kwa moja. Hitilafu ya kawaida kabisa, ya dakika kumi. Yeye alikuwa ameshamaliza asubuhi nzima. Nikavuta kiti. Alikuwa ameingia kwenye seva kwa mbali, kwa SSH, intaneti yenyewe ya hotspoti ya simu, na .gdbinit yake alikuwa ameichota mtandaoni: mistari zaidi ya mia tatu. Kila programu iliposimama, faili lile lilimwaga rejista zote za prosesa, kipande cha staki (kumbukumbu ya fanksheni zinazoendelea) na asembli, yaani maagizo ya ngazi ya mashine, ya pale iliposimama, vyote kwa rangi nne. Anaandika next, amri ya kusogea mstari mmoja, anasubiri, skrini inajaa. Anaandika next, anasubiri, inajaa tena. Namba moja tu aliyokuwa anaitafuta ilikuwa imepita juu kitambo.

Nikamuuliza, "Hii set disassembly-flavor intel ya nini?"

"Sijui kaka, ilikuwemo."

"Asembli unaisoma?"

Akacheka. Nikamwambia atoke, aingie upya na gdb -nx, yaani asome programu bila faili lolote la mipangilio. Dibaga ikafunguka nyeupe, kimya. Akaweka kizuizi, yaani alama ya mahali pa kusimama, kwenye kitanzi, akaandika display i ili aione thamani ya i kila inaposimama, akapiga next mara tano. Hitilafu akaiona mwenyewe. Wazee walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako, na nadhani waliwahi kukaa na mtu mwenye .gdbinit ya watu.

Mimi langu lina mistari minane. Kila mmoja una siku yake ya kuzaliwa, na nikiusoma naikumbuka siku hiyo. Kuna mistari ambayo ningemshauri mtu yeyote, na hapo nakubali msimamo wangu una tundu. Wa kwanza ni huu:

set history save on

Huu ungetakiwa usihitajike kabisa. GDB ilianza kuandikwa na Richard Stallman mwaka 1986, na hadi leo ukiifungua bila mipangilio haihifadhi amri ulizoandika. Unatunga kizuizi chenye sharti refu, unachokoa pointa (anwani ya kumbukumbu) ndani ya pointa, unafunga, unafungua, mshale wa juu haukuletei kitu. Na ukishaiwasha hiyo, dibaga inahifadhi historia kwenye folda uliyomo wakati huo, kwa hiyo unaanza kupanda mafaili ya .gdb_history kila unakopita kama mbegu za mpapai. Ndiyo maana mstari wa pili ni set history filename ~/.gdb_history, na wa tatu unaongeza ukubwa, kwa sababu kiasi cha kawaida ni amri 256 tu. Watetezi wa GDB huniambia hayo ni mazoea ya zamani, watu wasivurugiwe. Sawa. Ila mimi sijawahi kukutana na mtu aliyefurahi kwamba amri zake zimepotea.

Wa nne ni set print pretty on. Bila huo, strakti, yaani data kadhaa zilizofungwa pamoja, inachapwa yote kwenye mstari mmoja mrefu unaojikunja mara tatu, na macho yanatafuta koma. Ukiuwasha unapata hivi:

(gdb) p *m
$1 = {
  namba = 4471,
  salio = 15000,
  jina = "Asha", '\000' <repeats 27 times>
}

Kumbuka hiyo ya mara 27, yaani sifuri zinazojaza nafasi iliyobaki baada ya jina; nitairudia.

Wa tano ndio ulioniuma zaidi. Ujumbe wa mita ulikuwa unafika umekatika. Nilisimamisha programu pale tu soketi (mlango wake wa mtandao) ilipomaliza kusoma, nikachapa bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu ujumbe unapopokelewa, na kweli: maandishi yanaanza vizuri, yanakwenda, kisha yanaishia katikati ya neno. Nikasema basi, tatizo liko kwenye mtandao. Nikaandika upya sehemu ya kusoma soketi. Bado. Nikawapigia wenzetu wanaotengeneza programu ya mita, nikawaambia kwa sauti ya mtu mwenye ushahidi kwamba wanatuma nusu ujumbe. Wakabisha kwa adabu. Nikabisha bila adabu. Jioni, nimechoka, nikawa nahesabu herufi kwa kidole kwenye skrini, nione zinakatikia wapi hasa. Zilikuwa 200. Mia mbili kamili, na baada yake nukta tatu ndogo ambazo siku nzima nilikuwa naziona bila kuziona.

GDB yenyewe ndiyo iliyokuwa inakata. Kuna mpangilio unaoitwa print elements, na usipougusa ni 200: maandishi au safu yoyote ndefu kuliko hapo inaishia kwa nukta tatu. Bafa ilikuwa nzima, ujumbe ulikuwa mzima, hitilafu halisi ilikuwa mbele zaidi, kwenye kuuchambua. Kuwapigia wale jamaa kuwaomba radhi kulikuwa kugumu kuliko kuirekebisha.

Wengi wakikutana na hilo wanaandika set print elements 0, maana sifuri hapo ni bila kikomo. Mimi sikufanya hivyo. Siku utakayochapa safu ya vipengele milioni moja kwa bahati mbaya utaelewa kwa nini kikomo kiliwekwa. Niliweka 4000 kwa sababu ujumbe wetu hauzidi hapo. Namba hiyo ni ya kazi yangu. Wewe kazi yako unaijua mwenyewe, na hapo ndipo ninaposhindwa kukupa faili langu.

Wa sita ni set pagination off, kuondoa ile tabia ya kusimama kila skrini ikijaa na kukuomba ubonyeze kitufe, tabia ya enzi zile skrini ilikuwa na mistari 24 na ikipita imepita. Ila ukiuzima, zoea kuandika bt 20 badala ya bt tupu, amri inayoorodhesha fanksheni zilizoitana hadi hapo. Fanksheni iliyojiita yenyewe bila kikomo itakumwagia maelfu ya mistari.

Wa saba ni wa bando, na huu watu wa Ulaya wananishangaa. Kwenye Ubuntu ya sasa na Fedora, dibaga inaweza kukuuliza kama unaruhusu debuginfod, yaani ikapakue yenyewe taarifa za maktaba za mfumo. Ukikubali inakushauri kwa upole uweke set debuginfod enabled on usiulizwe tena. Ukiwa na waya wa faiba ukutani ni huduma nzuri kweli. Ukiwa kwenye hotspoti, unafuatilia hitilafu ya kwako mwenyewe ambayo haina uhusiano wowote na maktaba za mfumo, unakuta dibaga inashusha megabaiti kwa megabaiti na ~/.cache/debuginfod_client inanenepa. Mimi nimeandika off. Siku nikihitaji nawasha kwa mkono.

Wa nane unahusu usalama, na hapa nina ugomvi na ushauri unaozunguka. Folda ya mradi nayo inaweza kuwa na .gdbinit yake. Tangu toleo la 7.5 la mwaka 2012, GDB haiisomi hivihivi. Inakataa na kukuonya kwamba folda hiyo haimo kwenye auto-load safe-path, orodha ya folda inazoziamini. Onyo lina maneno mengi, linakera, na jibu ambalo utalikuta kila mahali ni set auto-load safe-path / yaani amini kompyuta nzima. Usifanye. Ndani ya .gdbinit mtu anaweza kuandika shell na amri yoyote ya mfumo, au Python. Ukishaamini kompyuta nzima, kila mradi utakaouvuta kutoka kwa usiyemjua unaweza kuendesha chochote siku utakapofungua dibaga ndani yake. Andika add-auto-load-safe-path na njia ya folda moja unayoifanyia kazi. Ni mstari mmoja uleule.

Utaona set confirm off haimo, ingawa kwenye mafaili ya kuazima huwa ya kwanza. Na mimi nilikuwa nayo. Asubuhi moja nilikuwa nimeshapanga vizuizi tisa, baadhi vina masharti marefu, nikataka kufuta cha nne. Nikaandika d, kidole kikaenda kwenye Enter kabla ya namba. Kwa kawaida GDB inauliza kama kweli unataka kufuta vyote. Mimi nilikuwa nimeiambia isiniulize.

Vilevile disable-randomization siigusi ndani ya faili, lakini ningependa kila mtu aijue. Kwenye Linux, GDB huiomba kerneli, kiini cha mfumo, isichanganye anwani za kumbukumbu, ili programu ipakiwe palepale kila unapoiendesha. Kwa kazi nyingi ni neema: anwani uliyoiandika kwenye karatasi jana, leo bado iko hapo. Lakini tuliwahi kuwa na programu inayoanguka mara kwa mara nje, na ndani ya dibaga haianguki hata uipige bakora. Chanzo kilikuwa int (namba kamili) ya urefu ambayo haikupewa thamani ya mwanzo. Ndani yake yalibaki masalia ya anwani ya msimbo. Chini ya GDB anwani hizo zinaanza na 5555, na nusu ya chini ikisomwa kama int ni namba chanya, kila mara ileile, na programu ikaendelea kwa kubahatisha. Nje, anwani zinachanganywa. Biti ya juu ikiangukia moja, urefu unakuwa hasi, na tunaanguka. Tulipoandika set disable-randomization off na kuiendesha tena na tena, mara ya tatu ikalala mbele yetu. Ndani ya kontena ya Docker, yaani programu ikiendeshwa imetengwa na mfumo mwingine wa kompyuta, unaweza kuonywa kwamba GDB imeshindwa kuzima huo mchanganyo kwa kukosa ruhusa. Kwa hitilafu ya namna hii, kushindwa huko ndiko unakokutaka.

Yule kijana wa mita alifuta faili lake lote siku ileile. Akabaki na history save, basi. Baada ya wiki kadhaa akaongeza print pretty. Juzi nilipita nyuma yake nikaona mstari wa tatu ambao mimi sikumfundisha: set print null-stop on. Huo unaifanya GDB ichape maandishi hadi sifuri ya kwanza na kuishia hapo, kwa hiyo ile ya mara 27 inaondoka na jina linabaki "Asha" tupu. Ameutafuta mwenyewe kwa help set print, kwa sababu zile sifuri zilikuwa zinamchosha macho.

"Mbona wewe kaka huna?" akaniuliza.

Nikamwonyesha rekodi moja ya zamani niliyokuwa nimeihifadhi, ya mteja aliyeandikishwa juu ya nafasi ya mteja mwingine bila bafa kusafishwa:

jina = "Asha\000ni Juma", '\000' <repeats 19 times>

Akaitazama kidogo. "Huyu wa nyuma ni nani?"

"Ndiye aliyekuwa analalamika kwamba jina lake linatokea kwenye bili ya jirani."

Mstari wake hakuufuta. Na mimi wake sikuuchukua.